Heshima Iliyotaka Kutuzamisha

Mwaka jana, mara tu baada ya kufunga shule, sisi rafiki wanne tulitoka Kalemie tukaenda kupumzika siku mbili kwenye ufuko wa mchanga ulio kusini ya mji, mwendo wa saa mbili hivi kwa mashua. Tuliporudi tulipokewa kwa maswali. Wengine walituuliza kama inafaa watu wa umri wetu, waliokabidhiwa kazi ya kufundisha watoto, kwenda kuoga ziwani na kulala mchangani kama vijana. Wengine walituuliza kwa nini hatukuonekana kanisani siku ya Mungu, na hali zamu ya mafundisho ilikuwa yetu. Swali la kwanza tunalijibu kwa maneno machache na bila aibu. La pili linadai jibu refu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kosa letu, na kosa hilo si letu peke yetu. Tunaamini limo katika nyumba nyingi, madarasa mengi na jumuiya nyingi za nchi yetu. Ndiyo maana tumeona vema kuliandika.

Kuhusu kupumzika, tuseme hivi: mtu hakuumbwa kuwa ng'ombe wa kulima. Wazee wetu waliiita Jumamosi siku ya posho, kwa sababu siku hiyo mfanyakazi alipewa chakula cha juma lake. Basi mwili nao una posho yake, na moyo vilevile. Walimu wawili wa shule ya msingi, muuguzi mmoja na fundi wa reli aliyestaafu, wote waliopita miaka hamsini, walichanga fedha kidogo kidogo kwa miezi mitano ili wapate siku mbili za kutosikia kengele, filimbi wala kilio cha mgonjwa. Hatuoni dhambi yoyote hapo. Tena tunawasikitikia wale wanaokaa kando ya ziwa zuri namna hii miaka yote, wakalijua tu kama mahali pa kununua samaki na kufua nguo.

Maana ziwa letu ni la ajabu. Urefu wake ni karibu kilometa 670, na mahali pake pa chini kabisa kina chake kinafikia meta 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal peke yake, ziwa la Urusi, linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Maji yake yana mdomo mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga unaopita papa hapa Kalemie, ukaenda kujiunga na Lualaba, na hivyo kuingia katika mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Mwingereza Cameron alifika kwenye mdomo huo mwaka 1874. Mambo hayo tunayaandika ubaoni kila mwaka, na watoto wanayanakili. Lakini katika sisi wanne, wawili hatukujua kuogelea hata hatua tano. Tulikuwa tunafundisha kina cha maji ambayo hatukuthubutu kuyaingia kupita magoti.

Tuliondoka Jumamosi kabla ya jua. Mashua ilikuwa ya mbao, yenye injini moja nyuma, na waliotuchukua walikuwa vijana wawili: nahodha mwenyewe, wa miaka ishirini na mitano hivi, na msaidizi wake. Nahodha huyo alikuwa amepita mikononi mwetu. Wawili wetu tulimfundisha shuleni, na mmoja wetu alimtayarisha kwa komunyo ya kwanza. Alitupokea kwa furaha, akatushika mkono kwa mikono miwili, akatuita "mwalimu" na "papa," akabeba mizigo yetu yote asikubali tuguse hata chungu.

Ndani ya mashua mlikuwa na jile tatu za kuokolea, nasi tulikuwa watu sita. Kijana alizitoa, akazipanga mbele yetu, akasema kwa sauti ndogo, "Kama papa anataka kuvaa." Hakuna aliyevaa. Fundi wa reli alicheka akasema jile ni mavazi ya wazungu na ya watoto. Muuguzi, ambaye kila siku anawalazimisha watu kulala ndani ya chandarua, aliikunja yake akaikalia kama mto, kwa kuwa ubao ulikuwa mgumu. Nasi wengine tukamwiga. Tunaomba msomaji aikumbuke picha hiyo: wazee wanne wenye elimu, wamekalia kitu ambacho kingeweza kuwaokoa.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa njema kupita matumaini yetu. Ufuko ulikuwa mweupe, nyuma yake mlima, na pembeni miamba inayoingia majini. Maji yalikuwa maangavu hata tuliona samaki wadogo wa rangi ya buluu na manjano wakizunguka mawe kama watoto wanaozunguka uwanja. Wavuvi waliokaa karibu walikuwa wameanika ndakala juu ya mchanga, nao walitupa ushauri kabla hatujauomba: tuoge hapa, tusioge kule kwenye matete, mahali kijito kinapoingia ziwani, kwa kuwa mamba hupenda pale. Tulitii. Tulipanda mwamba, na fundi wa reli, mwenye miaka hamsini na nane, alijirusha majini kwa kelele, akarudi juu anacheka na kutema maji. Msaidizi wa nahodha alimshika mmoja wetu mgongoni, akamfundisha kulala juu ya maji. Ilimchukua saa nzima, na alipoweza alilia machozi. Hatutamtaja ni nani kati yetu.

Jioni tulikula bukari na mikebuka wa kuchoma. Giza lilipoingia wavuvi walishuka na taa zao, kwa maana ndakala huifuata taa usiku usio na mwezi. Tulihesabu taa mpaka tukachoka. Ziwa lilikuwa kama mji uliowashwa mbali, mji usio na kelele. Tuliongea habari za wazazi wetu, za wenzetu waliokufa vitani, za watoto wetu walio Lubumbashi na kwingineko wasioandika. Mmoja alisema kwamba tangu ujana wake hajawahi kukaa na rafiki saa nyingi hivyo bila jambo la kupatana. Sote tulinyamaza, kwa kuwa ilikuwa vilevile kwetu.

Usiku wa manane upepo ulianza. Katika miezi ya kiangazi, tangu wa tano hadi wa nane, upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya ziwa bila kizuizi, nayo mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kufika upande wetu. Hilo pia huwa tunalifundisha. Alfajiri tulipoamka, ziwa lilikuwa na rangi nyingine na mistari myeupe. Nahodha alisimama mchangani muda mrefu akitazama. Kisha alikuja kwetu, akatusalimu, akasema, "Papa, ziwa limeamka."

Tulimwelewa. Hatuwezi kujitetea kwamba hatukumwelewa. Lakini zamu ya mafundisho ilikuwa yetu, watoto wangetungoja, na wakubwa wa jumuiya wangesema, "Mnaona? Walipendelea ziwa kuliko kanisa." Aibu hiyo ilituogopesha kuliko mawimbi. Mmoja wetu akajibu, "Tunakwenda kwa kazi ya Mungu. Mungu yupo." Kijana alitazama chini. Alisema, "Sawa, mwalimu." Akaenda kutia mafuta katika injini.

Tulipozunguka miamba tukatoka katika kinga ya ufuko, tulijua mara moja. Mashua ilipanda na kuanguka kama gari katika barabara iliyoharibika, na kila ilipoanguka maji yaliingia. Tulianza kukumba maji kwa sufuria na kwa bidoni lililokatwa. Hapo injini ikalowa, ikazimika. Mashua bila injini hugeuka yenyewe ikatoa ubavu wake kwa mawimbi, na ubavu ndio mahali inapojaa. Wimbi la kwanza lilichukua mfuko wenye simu na vitabu vyetu. La pili lilitufikisha maji kwenye mapaja. Hatukuwa na neno la kusema. Wale waliokuwa hodari wa kunena mchangani walishika mbao kwa mikono miwili.

Kijana alibadilika. Hakuita tena mtu papa. Alituamuru kwa sauti kali: "Wewe, kaa chini! Wewe, kumba! Vaeni jile, wasiojua kuoga kwanza!" Tulizitoa chini yetu, zimelowa, tukazivaa kwa vidole vinavyotetemeka. Msaidizi alitupa nanga ya jiwe mbele kwa kamba ndefu. Haikufika chini, lakini uzito wake ulikivuta kichwa cha mashua kikaelekea mawimbi, nayo ikaacha kujaa. Nahodha alifungua injini, akatoa buji, akaipangusa kwa shati lake la ndani, akairudisha. Alivuta kamba ya kuwashia mara nyingi tusizozihesabu. Ilipowaka hakutupeleka Kalemie. Aliufuata upepo, akaturudisha nyuma ya miamba kwenye mchanga tuliotoka. Wakati wa kutua, wimbi lilimwangusha fundi wa reli nje ya mashua, likamvuta. Msaidizi aliruka akamshika kwenye jile. Bila jile hiyo pasingekuwa na kitu cha kushika.

Tulikaa mchangani. Wavuvi walileta moto na chai. Mzee mmoja wao alitutazama, akasema bila hasira, "Leo hakuna mtumbwi hata mmoja ulio majini. Hamkujiuliza kwa nini?" Kweli, mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tumepita katikati yake tukibeba vyungu.

Baadaye, nguo zilipoanza kukauka, mmoja wetu alimwuliza nahodha, "Mwanangu, uliona hatari. Kwa nini hukutukataza?" Kijana alisitasita. Kisha akajibu kwa upole, wala hakukusudia kutuumiza: "Mwalimu, mlitufundisha kwamba mkubwa akisema, mtoto hajibu."

Ni kweli tulimfundisha. Tunakumbuka hata siku yake. Alikuwa darasa la tano, na mwalimu alikuwa amekosea hesabu ubaoni. Mtoto aliinua mkono akasema, "Mwalimu, si hivyo." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alipigwa rula mikononi, si kwa sababu ya hesabu, bali kwa sababu ya kusema. Hakurudia tena. Miaka kumi na mitano baadaye, somo lile tulilolifundisha vizuri sana lilikaribia kuua watu sita.

Wandugu, tunaandika haya kwa sababu tunadhani tumekuwa tukiita heshima kitu ambacho si heshima. Heshima ni kumtakia mtu mema na kumpa nafasi yake. Kijana yule alituheshimu aliposhika mizigo yetu, na alituheshimu zaidi alipotupigia kelele tuvae jile. Lakini alipotazama chini akasema "Sawa, mwalimu," alikuwa na hofu, hofu tuliyoipanda sisi. Na hofu ina tabia hii: humnyamazisha yule anayejua, ikamwacha asiyejua aamue. Hodari wa ziwa alikuwa mmoja katika mashua ile, naye ndiye pekee ambaye hakuwa na sauti.

Tunajua watakaotupinga. Watasema: siku hizi vijana hawana heshima hata kidogo, wanawajibu wazazi ovyo, wanapita mbele ya wazee bila salamu, nanyi walimu mnataka kuwaongezea ujasiri? Tunakubali kwamba utovu wa adabu upo, nasi tunaupata darasani kila siku. Lakini tuwaombe wapambanue mambo mawili. Mtoto anayemtukana mkubwa anasema asilolijua ili amshushe. Mtoto anayesema "papa, ziwa limeamka" anasema analolijua ili amwokoe. Tukiwapiga wote wawili kwa fimbo moja, hatutawapata watoto wenye adabu. Tutapata wa kwanza wanaoendelea kutukana nyuma ya mgongo wetu, na wa pili wanaotuacha tuzame.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni kweli, na tumelitumia mara nyingi. Lakini mkuu ni nani? Shuleni, mkuu ni mwalimu. Hospitalini, mkuu ni yule anayejua dawa, hata kama mgonjwa ni chifu. Ziwani, mkuu ni yule anayejua upepo, hata kama jana alikuwa mtoto wa darasa la tano. Siku ile sisi ndio hatukusikia la mkuu.

Tena kuna lile neno letu, "Mungu yupo." Tulilisema kana kwamba ni jile. Yupo, hatuna shaka. Lakini tulilitumia kumfunga mdomo kijana, kwa maana nani atabishana na mtu aliyemtaja Mungu? Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa kubwa kwetu sisi tunaofundisha imani. Katika Injili, Mwovu alimshawishi Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka, naye Yesu alikataa. Sisi tulikubali kujitupa, tukauita ujinga wetu imani. Na kama tungezama, bila shaka ndugu zetu wangesimama kwenye maziko wakasema kwamba Mungu ndiye alipenda. Hapana. Tungekuwa tumependa sisi. Tusimsingizie Mungu mambo ambayo yanga'mulika wazi kama uzembe wa watu.

Tukiwa tumekaa mchangani siku ile ya Mungu, tuliongoza sala pamoja na wavuvi, na mmoja wetu alikumbuka habari ya Yesu aliyelala katika mashua wakati wa dhoruba. Tumeieleza habari hiyo kwa watoto mara zisizohesabika, nasi kila mara tulisimama kwenye nguvu ya Bwana juu ya upepo. Siku ile tuliona jambo jingine. Wanafunzi wake kadhaa walikuwa wavuvi. Walilijua ziwa lao. Walipoona hatari hawakusema, "Mwalimu amelala, asisumbuliwe." Walimwamsha. Naye aliamka. Kama wangekuwa na heshima ya namna ile tuliyomfundisha mwanafunzi wetu, wangekaa kimya kando ya kichwa chake mpaka maji yawafunike.

Msidhani jambo hili ni la mashua yetu ndogo tu. Mwezi wa Desemba 2014, meli Mutambala iliondoka Kalemie kuelekea Uvira, ikazama ziwani, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, mashua iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiwa kando wakiitazama bila kuweza kitu. Kila ajali ina sababu zake, na kuzichunguza ni kazi ya wenye mamlaka. Sisi tunauliza swali moja tu la kila msafiri: ni mara ngapi tumepanda chombo tukiona kimejaa kupita kiasi, tukatazamana, tukanyamaza kwa sababu mwenye chombo ni mtu mkubwa, au kwa sababu tuna haraka, au kwa sababu hatutaki kuitwa waoga?

Basi tunapendekeza mambo ambayo si makubwa. Kwanza, tufundishe watoto wetu kuogelea. Ni ajabu mtoto wa Kalemie, wa Moba au wa Uvira kumaliza shule akijua majina ya bahari zote asiweze kujiokoa katika maji yaliyo mbele ya mlango wake. Na miaka hii, ambapo ziwa limepanda likaingia hata ndani ya nyumba za watu, maji yamekuja mlangoni kwelikweli. Pili, chombo kisiondoke kabla kila mtu hajavaa jile, na wazee wavae kwanza, kwa maana kijana hatavaa kitu ambacho mzee amekicheka. Kama jile hazitoshi, watu wapunguzwe. Tatu, kabla ya safari nahodha aulizwe mbele ya wote, "Twende au tusiende?" na jibu lake liwe la mwisho, asilazimike kulitetea. Nne, tusijifunge kwa ahadi zisizo na nafasi. Kama tungemwomba mwenzetu mmoja atushikie zamu siku ile, tusingekuwa na sababu ya kukimbia. Watoto wa mafundisho, kwa habari yenu, walifundishwa na mama mmoja wa jumuiya, na tunaambiwa walielewa vizuri kuliko siku zetu.

Nasi walimu tuna deni letu. Mwaka wa shule ulipofunguliwa, tulisimulia habari hii darasani, pamoja na ile ya rula, na kijana alikuwepo kwa mwaliko wetu. Mbele ya watoto tulimwomba msamaha. Aliona haya kuliko sisi. Tangu siku hiyo, kila tunapomaliza hesabu ubaoni tunauliza, "Nani ameona kosa?" Juma la kwanza hakuna aliyeinua mkono. Juma la pili aliinua msichana mmoja, naye alikuwa amekosea yeye, tulimshukuru vilevile. Sasa wanainua wengi. Wakati mwingine inachosha, tunakiri, na zipo siku ambazo mkono wetu unaikumbuka rula.

Tulikwenda tena ufukoni kule kabla ya mvua, watu walewale, tukiwa na jile sita. Asubuhi ya kurudi tulimwuliza kijana, "Twende?" Alitazama mawingu, akasema, "Hapana, papa. Tungoje kesho." Tulingoja. Mchana kutwa ziwa lilikaa tulivu kama mafuta katika kikaango, upepo haukuja, na chakula kilikuwa kimebaki kidogo. Jioni mmoja wetu alianza kunung'unika kwamba kijana ameogopa bure, tumepoteza siku nzima. Wengine tulimtazama tu, naye akaacha. Kesho yake tuliondoka na jua, tukafika Kalemie bila kulowa, na hakuna aliyemkumbusha kijana kwamba jana alikosea.